Bendi Isiyo na Bwana

Wimbo mjini Bukavu husafiri bila nauli. Unatoka simu moja kwenda nyingine, unaingia kwenye flashi ya dereva wa teksi anayepanda Kadutu, unapigwa kwa kinyozi wa Nyawera, na jioni unasikika Essence kwenye kibanda cha kuchaji simu. Anayetaka nyimbo nyingi kwa mpigo humwendea kijana mwenye kompyuta kando ya barabara, humwachia kadi ya memori na franga kidogo, huenda sokoni, na akirudi huikuta imejaa: rumba ya Kinshasa, injili ya Nairobi, Bongo Fleva, na filamu mbili za nyongeza. Franga zile ni malipo ya umeme na ya kazi ya kunakili. Aliyeimba hayumo kwenye hesabu.

Kwa hiyo vijana wa bendi wasio na mkataba na kampuni yoyote wanapotangaza, "Kazi yetu ni hii, chukueni bure," wapo wanaowashangaa. Mtatupa nini ambacho hatujajichukulia? Mji mzima unasikiliza bure tangu enzi za kaseti za kurudufu, kabla hata hawa vijana hawajazaliwa. Wenye busara zao wanaongeza kwamba kitu cha bure hakina heshima, na kwamba mwanamuziki mwenye akili hutafuta mfadhili, husaini, hupanda ndege kwenda Kinshasa au Nairobi, na huko ndiko maisha yaliko.

Mimi nawaunga mkono hao vijana, na ninataka kueleza kwa nini. Bendi inayojiendesha yenyewe, ikarekodi kwa vifaa ilivyonavyo, ikaweka albamu yake yote mikononi mwa watu kwa hiari, inatupa kitu tulichokikosa Kongo kwa muda mrefu. Inatupa wimbo ambao ndani yake hakuna mtu aliyenunua nafasi.

Tuanzie hapo, kwa sababu ndipo penye uzito. Muziki wa nchi yetu ulizaliwa ukiwa na mwenyewe. Ngoma, studio iliyofunguliwa Léopoldville mwaka 1948, ilikuwa mali ya wafanyabiashara wa Kigiriki. Loningisa iliyofuata, vilevile. Gitaa lilikuwa la studio, na kijana aliyeimba alilipwa kwa wimbo. Hata O.K. Jazz, okestra iliyokuja kutawala miaka zaidi ya thelathini, ilipoanza Juni 1956 ilichukua jina lake kwenye baa ya Oscar Kashama. Sisemi kwamba muziki ule ulikuwa mbaya. Ulikuwa mtamu kupita kiasi, na bado ni mtamu. Ninachosema ni kwamba tangu siku ya kwanza aliyeshika gitaa na mwenye gitaa walikuwa watu wawili tofauti.

Miaka ikaenda, studio za Wagiriki zikafungwa, viwanda vya santuri vikafa pamoja na uchumi wa Zaire, na mauzo ya kaseti yakamezwa na warudufu. Mwanamuziki akatafuta njia nyingine ya kula. Akaipata kwenye mabanga: majina yanayoitwa katikati ya wimbo. Mfanyabiashara hulipa atajwe. Afisa wa jeshi hulipa atajwe. Kijana wa Paris au Brussels aliyefanya kazi ya usiku mwaka mzima hulipa ili wenzake wa kwao wasikie jina lake sebene ikipamba moto. Zipo nyimbo ambazo ukiondoa majina, yanabaki mashairi ya dakika mbili. Kisha zikaja kampuni za bia. Katika miaka ya 2000 Bralima na Bracongo zilipigania soko la Kinshasa kwa kutumia wanamuziki, Werrason akiwa upande mmoja na JB Mpiana upande wa pili, na mashabiki wakachagua chupa kwa kufuata mwimbaji. Hapa Bukavu, mji wenye kiwanda cha Bralima, tumekua tukiona jukwaa limepambwa rangi za bia kuliko rangi za bendi.

Silaumu waliokula mabanga. Mtu mwenye watoto na wapigaji kumi na watano nyuma yake hawezi kuishi kwa makofi. Lakini tuseme ukweli kuhusu gharama yake. Aliyelipa atajwe kwa sifa hawezi kutajwa kwa lawama. Okestra iliyobeba jina la mkubwa wa mkoa haitaimba kuhusu barabara aliyoila. Ndivyo muziki wenye nguvu kuliko wote barani, unaochezwa kutoka Abidjan hadi Mombasa, ulivyokaa kimya mbele ya mambo yaliyotuumiza zaidi, huku ukiimba mapenzi kwa ustadi ambao hakuna anayeukaribia.

Jirani zetu wa Dar es Salaam walikuwa na mabwana wa aina nyingine. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hizo herufi DDC mbele ya jina lake. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, redio ikapiga nyimbo nchi nzima, na mapato ya kweli yakapatikana mlangoni usiku wa dansi. Kwa maana hiyo muziki wa dansi wa Tanzania katika miaka yake bora ulikuwa ukitolewa bure kila siku hewani, na ni wimbo huo wa bure uliomtoa mtu nyumbani Jumamosi akalipe kiingilio.

Na hapo ndipo ninapomkumbuka mtoto wa kwetu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, wakati Kindu ikiwa sehemu ya Kivu. Alihamia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa sauti ya Super Matimila. Aliimba umaskini, kifo na ubaguzi, kwa Kiswahili ambacho mpakia mizigo wa soko alikielewa bila kuelezwa. Alipoimba "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu watumie kondomu wakati ukimwi ukimaliza vijana, Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Wimbo ukaenea hata hivyo, kwenye kumbi na kwenye kaseti, mikononi mwa watu. Safari yake ya kwanza ya Ulaya nayo haikuanzia kwenye mkataba. Kaseti yake ilibebwa na rafiki aliyekuwa akirudi Uingereza, ikafika kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 bendi ikaalikwa. Albamu ya "Songs for the Poor Man" ilitoka mwaka uliofuata kwenye lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Mkataba ulikuja mwisho. Kilichotangulia ni kaseti iliyotolewa kwa mkono kwa mtu aliyeupenda muziki.

Rock yenyewe, kwa maana ya magitaa ya kunguruma na ngoma nne kwa nne, ni chache Bukavu. Sitaki kujifanya kwamba tuna msitu wa bendi za aina hiyo. Lakini roho ya rock ya gereji naijua, kwa sababu inaishi hapa kwa majina mengine. Ilianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa sekondari wakipiga kwenye gereji za wazazi wao kwa vyombo vya bei rahisi, bila mwalimu na bila mtu wa kuwaambia wimbo mzuri uweje. The Kingsmen wa Portland walirekodi "Louie Louie" mwaka 1963 kwa fedha kidogo, sauti ikiwa imefifia kiasi kwamba FBI walichunguza kama maneno yake ni ya matusi, na mwishowe wakakiri kwamba hayaeleweki. Dave Davies wa The Kinks, London, alikata koni ya spika yake kwa wembe mwaka 1964 ili gitaa litoe mkwaruzo, na mkwaruzo ule ukawa alama ya rock kwa miaka sitini. Kijana wa Bagira hahitaji wembe. Spika aliyoikuta imepasuka zamani, na umeme wa SNEL unaopanda na kushuka huongeza mkwaruzo wake wenyewe.

Zambia walilifanya jambo hili kabla yetu na kwa uzuri mkubwa. WITCH, bendi ya Emmanuel Chanda aliyejiita Jagari kwa kumfuata Mick Jagger, ilitoa albamu yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 bila kampuni kubwa nyuma yake, ikaiuza yenyewe kwenye maonyesho yake. Bei ya shaba ilipoanguka, uchumi wa Zambia ukaanguka nayo, na muziki ule ukazimika. Chanda akaenda kuchimba vito. Miongo ikapita ndipo wapenzi wa santuri wa Ulaya na Marekani walipozifufua albamu zile, filamu ikatengenezwa mwaka 2019, na mzee akarudi jukwaani. Kinshasa nako, Konono No. 1 wa Mingiedi walitengeneza vinasa sauti kwa sumaku za magari mabovu, wakaunganisha na ala ya likembe, wakapata mlio ambao wapiga rock wa Ulaya waliusikia wakadhani ni wa kesho. Hata Zaiko Langa Langa, ilipoanza Desemba 1969, ilikuwa kundi la vijana wa shule walioacha tarumbeta na saksafoni za wazee wao, wakabakiza magitaa, ngoma na kelele. Wazee walisema si muziki. Baadaye nchi nzima ikacheza hivyo.

Gereji ya Bukavu iko wapi, basi? Nyumba zetu zimebanana milimani, na parsela nyingi hazina hata pa kugeuzia mkokoteni. Gereji yetu ni kanisa. CEPAC iliyotokana na misheni ya Wapentekoste wa Uswidi na CELPA iliyotokana na ile ya Wanorwe zimejaza mji huu makanisa yenye ngoma kamili, besi, kinanda na amplifaya, na karibu kila mpiga gitaa mzuri ninayemjua mjini alijifunzia hapo. Pita Panzi au Kadutu alasiri ya katikati ya wiki, utasikia mazoezi. Kijana anayepiga pambio Jumapili ndiye huyohuyo anayekaa nyuma Alhamisi, baada ya kwaya kuondoka, akijaribu kitu kingine na wenzake watatu kabla umeme haujakatika. Mlinzi anawavumilia. Mchungaji anajua, na kwa kawaida ananyamaza.

Malezi haya yana maana kubwa kuliko tunavyodhani. Mtu aliyekulia kwenye kwaya amezoea kwamba wimbo ni wa kutolewa. Sijasikia kwaya iliyowahi kudai malipo kwa sababu kwaya ya Uvira imejifunza wimbo wake kupitia simu. Nyimbo za Kiswahili za makanisa zimevuka ziwa, zimevuka Ruzizi, zimefika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma na nyumba za Wakongo waliohamishiwa Marekani na Australia, bila mkataba hata mmoja. Vijana wa bendi wanapotoa albamu bure hawajaiga mtindo wa Wazungu. Wanaendelea na desturi waliyonyonya pale walipojifunza kushika gitaa.

Wazungu nao wana mfano mmoja ninaoupenda, na ningependa kila bendi yetu iujue. King Gizzard & the Lizard Wizard, bendi ya rock kutoka Melbourne, Australia, ilitoa albamu iitwayo "Polygondwanaland" tarehe 17 Novemba 2017. Haikuiuza. Iliweka hewani nyimbo zote pamoja na mafaili ya kutengenezea santuri na kaseti, ikasema yeyote atakaye atengeneze, auze, agawe. Lebo ndogondogo duniani kote, nyingine za mtu mmoja sebuleni kwake, zikaichapisha kwa rangi na majalada ya kila aina. Bendi haikupoteza. Iliwageuza wasikilizaji kuwa wenzi wa kazi, na kumbi zake zikazidi kujaa. Wengi hutaja Radiohead, waliouza "In Rainbows" mwaka 2007 kwa bei aliyoamua mnunuzi mwenyewe. Sioni kama mfano ule unatufaa sana. Radiohead walikuwa wametoka kwenye mkataba mrefu na EMI, majina yao yakijulikana dunia nzima. Bendi ya kanisani Kadutu haianzii hapo.

Mvuto wa muziki unaotolewa hivi, ukiniuliza mimi msikilizaji, uko kwenye sikio. Unasikia kwamba hakuna aliyekaa kwenye meza akasema punguzeni gitaa, ongezeni kiitikio, mtajeni bwana fulani dakika ya tatu. Wimbo unaanza kabla hawajawa tayari na unaisha wanapochoka. Mwimbaji anataja shimo la barabara ya Panzi, maji yasiyofika, rafiki aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga akakaa kimya. Anayataja kwa sababu ndiyo maisha yake, na kwa sababu hakuna mdhamini wa kuudhika. Makosa yamo pia, na nayasikia. Ngoma inakimbia, besi inapotea. Nayapokea yote, kwa kuwa najua ninaongea na watu wanne bila msemaji wao.

Uhuru huu una bei, na tunaandika hapa mahali ambapo bei hiyo imelipwa kwa damu. Sheria za nchi zinataka wimbo upite kwenye tume ya udhibiti kabla ya kutangazwa. Novemba 2021 tume hiyo ilipiga marufuku "Nini To Sali Te" ya kundi la MPR la Kinshasa, wimbo unaowakosoa viongozi wa nchi. Watu wakapiga kelele, na marufuku ikaondolewa upesi. Lakini hata ingebaki, wimbo ulikuwa tayari kwenye simu za watu. Muziki unaopita mkono kwa mkono hauna mlango wa kufungwa. Anayeubeba ndiye pekee anayeweza kukamatwa.

Delphin Katembo, aliyejulikana kwa jina la Idengo, alikamatwa zaidi ya mara moja. Huyu hakuwa mpiga rock. Alikuwa mwimbaji wa Kivu Kaskazini, akiimba kwa Kiswahili mauaji ya Beni, hali ya dharura ya kijeshi, na wakubwa waliotuangusha. Hakuwa na kampuni. Nyimbo zake zilienea kwa simu, bure, na vijana wa Bukavu walizijua kama walivyozijua wa Butembo. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, gereza la Munzenze likafunguka, naye akatoka. Akaimba tena, safari hii dhidi ya waliouteka mji. Tarehe 13 Februari 2025 alipigwa risasi na kufa, palepale Goma. Siku tatu baadaye M23 walikuwa wameingia Bukavu.

Nimemtaja kwa sababu wanaosema muziki wa bure hauna thamani wanapaswa kueleza kifo kile. Serikali ilimfunga kwa nyimbo ambazo hakuuza. Vita vilimwondoa kwa nyimbo ambazo hakuuza. Kila mwenye nguvu aliyepita alizipima zile nyimbo kwa uzito mkubwa kuliko tunavyozipima sisi tunaozifuta kwenye simu ili kupata nafasi ya picha.

Tangu Februari ile, maisha ya muziki mjini yamekuwa magumu kwa namna za kawaida kabisa. Benki zilifunga milango. Ndege za abiria ziliacha kutua Kavumu. Ghala za Bralima ziliporwa mji ulipoanguka, na Juni mwaka huohuo Heineken, mmiliki wa Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa vituo vyake vya Goma na Bukavu na kuwaondoa wafanyakazi wake. Mdhamini mkubwa wa majukwaa yetu akatoweka hivyo, kwa tamko moja. Waliojenga kazi yao yote juu ya bango la bia walibaki na nini? Bendi isiyo na mdhamini haikupoteza mdhamini. Iliendelea kurekodi kwa simu, kutuma kwa simu, na kufanya mazoezi mchana ili kila mtu awahi nyumbani kabla ya giza.

Lakini sitaki kuimba sifa za bure kana kwamba haina mitego. Kuna tofauti kubwa kati ya kutoa na kuporwa, na historia yetu imejaa kuporwa. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga gitaa ambalo wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanalisomea hadi leo. Jina lake kubwa halikumfanya tajiri. Na wanaodhani mkataba ndio kinga wamtazame "Malaika": Fadhili William aliurekodi Nairobi katika miaka ya 1960, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M wakauimba, na Adam Salim alidai hadi mwisho kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Karatasi zilikuwepo, kampuni zilikuwepo, na ugomvi ukabaki.

Mtego ninaouogopa zaidi kwa vijana wetu ni ule wa jukwaa. Mwandaaji anawaita wapige kwenye sherehe kubwa, anamlipa mwanamuziki mgeni kwa dola, anawalipa wenye spika, anawalipa walinzi, kisha anawaambia vijana: tumewapa nafasi mjulikane. Wameleta gitaa lao kwa pikipiki kwa nauli yao. Wamefungua onyesho, wamewaamsha watu, na usiku wanateremka kwa miguu. Hiyo si zawadi waliyoitoa. Ni kazi waliyonyang'anywa, na anayesema "lakini nyinyi si muziki wenu ni bure?" anatumia ukarimu wao kuwaibia. Mtu anayekugawia mihogo ya shamba lake hajasema uje umlimishe bila ujira. Wimbo uliorekodiwa wameutoa. Jasho la usiku ule hawakulitoa.

Sheria ya Kongo ya haki za watunzi, ile ya Aprili 1986, inamwachia mtunzi aamue kazi yake itumikeje, na shirika la SOCODA lipo kwa ajili ya kukusanya malipo ya haki zake. Kutoa bure ni njia moja ya kuitumia haki hiyo, kwa sharti kwamba mtunzi ameisema wazi. Kwa hiyo nawasihi vijana: andikeni. Kwenye jina la faili, kwenye picha ya jalada, popote. Nani ametunga, nani amepiga, mwaka gani. Semeni kwamba kunakili ni ruhusa na kugawa ni ruhusa, na kwamba kutumia wimbo kwenye kampeni ya mwanasiasa au tangazo la biashara kunahitaji idhini na malipo. Mwaka 2023, wakati wa uchaguzi, magari ya kampeni yalizunguka Ibanda na Kadutu yakipiga nyimbo ambazo sidhani kama wenyewe waliulizwa. Mstari mmoja ulioandikwa hauzuii kila mwizi. Unampa mtunzi pa kusimamia anapodai.

Nao vijana wa kompyuta za barabarani, ambao bila wao mji huu usingesikiliza chochote, wana deni lao. Wengi hufuta jina la msanii na kuandika jina la kibanda chao, au huweka sauti yao katikati ya wimbo ili ijulikane umetoka kwao. Kwa nyota wa Kinshasa hilo haliumizi sana. Sauti yake inatambulika. Kwa bendi ya wanne kutoka Bagira ni kuzikwa ikiwa hai. Kitu pekee walichotarajia kupata kwa kutoa kazi yao ni jina, na jina ndilo linalofutwa.

Redio za mji zinaweza kurekebisha mengi. Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1993 na kufungiwa na waasi wa RCD walioutawala mji vita vya pili vilipopamba moto, inajua maana ya kusema bila bwana. Saa moja kwa wiki ya bendi za hapa zisizo na mkataba, jina likitajwa kabla ya wimbo na baada ya wimbo, bila kumdai kijana chochote ili apigwe, ingefanya kazi kuliko semina kumi za kuwawezesha vijana.

Na wewe msomaji. Ukitumiwa albamu ya bendi ya mtaani kwako, isikilize yote kabla ya kuifuta. Ukimpa mwenzio, mpe ikiwa na jina lake. Wakipiga Jumamosi kwenye ukumbi wa shule au uwanja wa parokia, lipa kiingilio, hata kama mpiga besi ni mtoto wa dada yako na mlinzi anakufahamu. Ukiwa na harusi, waite na uwalipe kama unavyomlipa mpiga picha. Na mwenye duka la vyombo pale mjini, seti moja ya nyuzi za gitaa haitakufilisi: wape, wala usidai utajwe kwenye wimbo.